Meseji Isiyotoka Chuoni

Theoneste aliacha kutafuna kiazi. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyumba ya wageni ya kigango, laptopu mapajani, kikombe cha chai pembeni juu ya tofali.

"Dokta," aliita, "Mama Benja amegundua meseji."

"Huyo naye! Hajaacha hata moja impite," Kemilembe alijibu kutoka uani, mswaki mdomoni. "Amegundua ipi?"

"Hapo ndipo penye shida. Leo hatujatuma meseji yoyote."

Kemilembe alitema povu, akaja mbio na taulo begani.

Yeye alikuwa mhadhiri wa usalama wa taarifa katika chuo kikuu kimoja cha Mwanza, na Theoneste alikuwa mwanafunzi wake wa shahada ya uzamili. Walikuwa kijijini Bweranyange kwa utafiti. Msimu wa kahawa uliotangulia, wezi walikuwa wamebuni njia mpya. Walimtumia mtu meseji kwamba ndugu yake wa mbali hajisikii vizuri, aache yote aende. Mtu akaiacha kahawa yake imeanikwa, akapanda pikipiki, akafika kwao akamkuta huyo ndugu anapalilia migomba, mzima kabisa. Aliporudi alikuta turubai tupu.

Njia hiyo ilifaulu kwa sababu moja. Huku mtu haambiwi msiba kwenye simu. Anaambiwa "mama hajisikii vizuri, njoo," naye haulizi zaidi, kwa kuwa kuuliza ni kumlazimisha mwenzako aseme neno ambalo husemwa mtu akishafika, ameshikwa mikono na watu wake. Ukiambiwa "njoo" unajifunga kitenge unatoka. Wezi walikuwa wameiba desturi kwanza, kahawa ikafuata.

Basi Kemilembe aliwakusanya watu kwenye ukumbi wa kigango, akawafundisha alama za ujumbe wa uongo na namna ya kuhakikisha. Kisha waliokubali waliandikisha namba zao. Kwa majuma kadhaa chuo kingewatumia meseji za uongo bila kuwaambia siku, na atakayeishtukia angeirudisha chuoni na neno moja: NIMEGUNDUA. Baadhi ya meseji zilikuwa za zawadi za bahati nasibu, nyingine za mgonjwa. Hizo za mgonjwa zilileta ubishi kwenye kamati ya maadili ya chuo. Profesa mmoja mtu mzima aliuliza, "Na siku mtu akiumwa kweli?" Kemilembe akajibu kwamba mwizi haombi kibali cha kamati. Hoja yake ikapita.

Na siku ya semina, Vero, mwanamke mwenye ulimi mwepesi kuliko wote Bweranyange, alinyoosha mkono. "Na ukija wewe mwenyewe mlangoni, Dokta, ukaapa kwamba ni kweli?"

Ukumbi ulicheka. Kemilembe naye alicheka. "Hata mimi msiniamini," alisema. "Hasa mimi."

Sasa alisimama nyuma ya mwanafunzi wake, akasoma meseji ambayo Mama Benja alikuwa ameirudisha.

*Dada, mama hajisikii vizuri. Acha unachofanya uje leo. Habu.*

"Habu ni Habumugisha, kaka yake," Theoneste alisema. "Kwao na kwetu ni kilima kimoja, Kibingo. Lakini namba hii si yake."

"Basi ni mwizi, ama ni kweli."

"Ndiyo, Dokta."

Theoneste alimpigia Habumugisha kwa namba aliyokuwa nayo siku zote. Haikupatikana. Akampigia mama yake mzazi, Mukamusoni, akaweka sauti ya juu ili Kemilembe asikie.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje huko?"

"Salama. Uko shambani?"

"Hapana. Niko hapa kwa kina Habu. Tumekaa tu."

"Na mama yao, Bibi Uwiringiyimana, hajambo?"

Nyuma ya Mukamusoni lilisikika shoka likipasua kuni.

"Yupo," alisema mwishowe. "Wewe fanya kazi yako. Ila kama kuna mtu wa huku aliye karibu nawe, mwambie asikawie."

Simu ilipokatika, Theoneste alibaki ameikodolea macho. "Mama yangu, msimu wa kuchuma kahawa, amekaa kwa watu asubuhi," alisema. "Na kuna mtu anapasua kuni nyingi."

Darasani Kemilembe alipenda kuwaambia wanafunzi kwamba hata usipoweza kuusoma ujumbe uliofungwa, unaweza kujua mengi kwa kutazama nani yuko wapi na anazungumza na nani. Alilisema hilo kila mwaka. Hakuwahi kulisikia likimjia kwa sauti ya shoka.

"Amesema yupo," alinong'ona.

"Amesema yupo. Bado, basi."

"Zima mtambo. Meseji za mchana zisitoke."

"Zote?"

"Zima, Theoneste! Za mchana ni za mgonjwa."

Kijana alizima. Wakaruka kwenye pikipiki ya utafiti bila hata kufunga mlango.

Mama Benja, ambaye jina lake la ubatizo lilikuwa Immaculata, alikuwa uani kwake amepiga magoti, anageuza kahawa kwa kiganja. Turubai lilijaa uani kote, kutoka mlango wa jikoni mpaka migomba ya kwanza, na kahawa ilikuwa bado nyekundu kwa nyeusi. Mumewe alikuwa kwenye machimbo ya bati, na mwanawe Benjamin alikuwa shuleni. Vero alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya turubai, akichambua mbovu na kupiga soga.

"Eee, Dokta mwenyewe!" Vero alipaza sauti. "Umeleta dawa ya malaria leo?" Huo ulikuwa utani wake wa kila siku, kwamba dokta gani huyu hana hata panadoli.

"Amekuja kunipa zawadi," Immaculata alisema akicheka. Aliinuka, akajifuta mikono kwenye kitenge. "Nimewakamata tena, sivyo? Karibuni, waitu, ndugu zangu. Theoneste, mbona umekunja uso kama aliyefeli mtihani?"

"Mama Benja," Kemilembe alisema, "ile meseji ya leo haikutoka kwetu."

Wanawake wale wawili walitazamana. Kisha Vero akainua kidole, akabana pua, akaigiza sauti ya Kemilembe: "Hata mimi msiniamini. Hasa mimi!"

Immaculata alicheka mpaka akashika kiuno.

"Si mchezo," alisema Kemilembe. "Nisikilize."

"Nakusikiliza, Dokta. Hivyo ndivyo ungesema."

"Mpigie kaka yako."

"Nimeshampigia, kwa namba ninayoijua mimi, kama ulivyotufundisha. Hapatikani. Simu ya mama nayo imezimwa. Meseji imetoka kwa mtu nisiyemjua, inanihimiza niondoke leo leo, na kahawa yangu iko juani." Alihesabu kwenye vidole, mwanafunzi anayejibu vizuri. "Alama zote ulizoandika ubaoni zimo."

Kemilembe alimgeukia Theoneste.

"Mama, nimezungumza na mama yangu sasa hivi," Theoneste alisema kwa heshima. "Yuko kwenu, Kibingo."

"Na amesema mama yangu anaumwa?"

Theoneste alitazama viatu vyake. "Hakusema hivyo."

"Umeona!"

"Lakini, mama, unajua wenyewe hawasemi..."

"Wewe ni mtu wa chuo, mwanangu. Sikulaumu, unafanya kazi uliyotumwa."

Jua lilikuwa bado kwenye bati la jikoni walipofika. Sasa kivuli kilikuwa kimeanza kujivuta kuelekea ukutani. Kutoka Bweranyange mpaka Kibingo ni mwendo mrefu wa pikipiki, vumbi na milima, na Kemilembe aliihisi kila dakika ikimtoka mwilini. Alimweleza jinsi mtambo unavyofanya kazi. Immaculata akatikisa kichwa kwa tabasamu. Alimwambia utafiti umekwisha, ameuzima kabisa. Vero akasema, "Mwizi naye husema hivyo hivyo akibanwa." Kila mlango aliousukuma, alikuwa ameufunga yeye mwenyewe siku ya semina, na funguo alikuwa amewapa wao.

Ukabaki mlango mmoja, nao alijua haufai kufunguliwa.

"Immaculata," alisema, akiacha jina la mtoto. "Mama yako yuko katika hali mbaya sana. Anaweza asiione jioni."

Vero aliacha kuchambua. Kuku walisikika wakiparua chini ya migomba.

Immaculata alikuwa ameacha kucheka. Uso wake uligeuka mgumu.

"Sasa hilo umelikosea, Dokta," alisema polepole. "Mtu mwenye mama haambiwi hivyo uani kwake, amesimama peke yake. Hata mtoto mdogo wa huku analijua hilo. Ndiyo maana najua ni uongo. Angekuwa mgonjwa kweli, usingethubutu."

"Naapa..."

"Usiape. Mchezo una mipaka yake. Mtaje mtu mwingine, mama yangu muache."

Kemilembe aliitazama kahawa. Akafikiri kwamba kinachomshikilia mwanamke huyu uani hapa ni kahawa hii, na kama haondoki kwa sababu yake, basi na ianuliwe. Hakufikiri zaidi ya hapo. Alipiga magoti ukingoni mwa turubai na suruali yake ya chuoni, akaanza kuizoa kwa mikono miwili na kuitia kwenye gunia lililokuwa karibu.

"Unafanya nini?" Immaculata aliuliza. "Hiyo haijakauka!"

Kemilembe alizidi kuzoa. Mikono ilikuwa inamtetemeka, na kila alipozoa, punje zilimponyoka kati ya vidole zikatawanyika kwenye udongo. Akaziokota moja moja, akazoa tena.

Vero alimtazama kwa kitambo. Aliitazama ile mikono. Kisha akaweka ungo chini, akasimama, akalegeza kitenge chake na kukifunga upya kiunoni, kwa nguvu, jinsi wanawake wanavyokifunga wanapokwenda kwenye nyumba yenye jambo. Akaenda upande wa pili wa turubai, akalikunja ncha, akaanza kuizoa kahawa.

"Vero," Immaculata aliita. "Na wewe umo kwenye utafiti?"

Vero hakumtazama.

"Vero, nasema nawe!"

Vero aligeuza kichwa kuelekea migombani. "Ainembabazi!" aliita. "Njoo na gunia."

"Kuna nini?" sauti ya jirani ilijibu kutoka kibanja cha pili.

"Njoo na gunia."

Ainembabazi alikuja na gunia. Aliwaona wanawake wawili wamepiga magoti hawasemi, akamwona Theoneste amesimama kofia mkononi. Hakuuliza tena. Aliinama akaanza kuzoa. Mwanamke mwingine aliyekuwa anapita njiani na ndoo ya maji aliitua ndoo, akaingia uani, akamfungua mbuzi wa Immaculata kwenye mti na kumpeleka kwake. Hakuna aliyemwagiza.

Immaculata alisimama katikati yao. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, na kila aliyemtazama aliinamisha uso juu ya kahawa. Hiyo kazi aliijua. Yeye mwenyewe alikuwa ameifanya kwenye nyua za wengine, mara nyingi tu: kuanua nguo kwenye kamba ya mtu, kuepua sufuria yake motoni, kumbebea mtoto, bila kumwambia kwa nini. Hakuna mwizi aliyewahi kuituma kazi hiyo kwa simu.

Immaculata aliingia ndani, akatoka amejifunga kitenge kingine juu ya gauni, viatu mkononi.

"Benja akirudi," alisema, hakuna aliyejua anamwambia nani, "ndizi zipo kwenye sufuria."

"Tumesikia," Vero alijibu. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa Immaculata tangu aanze kuzoa.

Theoneste aliiwasha pikipiki. Wakashuka mteremko, na vumbi likabaki limesimama hewani kwa muda.

Kemilembe aliendelea kuzoa. Alijua jambo ambalo wengine hawakulijua. Vero hakuwa na habari yoyote ya Kibingo. Hakupigiwa simu na mtu. Aliona mikono inatetemeka, akaamini. Ainembabazi akamwamini Vero, na mwenye ndoo akawaamini wote. Kama yule aliyepiga magoti wa kwanza angekuwa mwizi hodari wa kutetemeka, kahawa yote ingekuwa imekwenda. Kwenye karatasi ya mtihani angeweka alama ya kosa hapo, kwa wino mwekundu. Alijaza gunia, akalifunga mdomo kwa kamba ya mgomba.

Kutwa nzima alikaa uani kwa Immaculata. Benjamin alirudi shuleni, akala ndizi, akapelekwa kwa Ainembabazi. Jua lilipoanza kulala upande wa Rwanda, simu ililia.

"Dokta, tulifika," Theoneste alisema.

"Ndiyo."

"Huku ni salama tu. Mama Benja atalala huku. Msimsubiri."

Kemilembe alishika nguzo ya jiko. "Alimkuta?"

"Tulipokuwa tunapanda kilima," Theoneste alisema, "tulimwona Habu amesimama njiani. Alikuwa anatusubiri njiani, Dokta."

Hakusema zaidi, naye hakuulizwa zaidi. Kemilembe alipogeuka, Vero alikuwa amesimama nyuma yake.

"Anasema atalala huko."

"Haya," Vero alisema. Akakaa chini kwenye turubai tupu, akafunika uso kwa ncha ya kitenge.

Kesho yake wanawake wa Bweranyange walipanda gari la mizigo kwenda Kibingo kuzika, na Kemilembe alipanda nao, amejifunga kitenge alichoazimwa na Vero. Njia nzima alikuwa anatengeneza maneno yake. Alitaka yawe machache: Mama Benja aliipata meseji mapema, hakuiamini kwa sababu mimi nilimfundisha asiiamini. Kosa ni langu. Aliyarudia kila kona mpaka yakakaa sawa.

Sebule ya Uwiringiyimana ilikuwa imetandikwa nyasi mbichi. Wanawake walikaa wamebanana ukutani, na katikati alikuwa Immaculata, macho yamevimba, mikono imelala mapajani. Aliwapokea watu wa kwake mmoja mmoja. Kemilembe alipomshika mkono, Immaculata naye aliushika, hakuuachia upesi.

Habumugisha aliingia kutoka nje, shati limelowa jasho na udongo wa kaburini magotini. Aliwasalimu wazee shikamoo. Kisha akachuchumaa mbele ya dada yake. Hakuonekana mwenye hasira. Alikuwa mtu aliyebeba swali tangu jana na hana pa kulitua.

"Dada, meseji niliituma alfajiri," alisema. "Simu yangu ilikuwa haina chaji, nikaomba ya bodaboda. Mama alikuwa bado anasema. Kila pikipiki ikipita anauliza, ni Ima huyo? Nikawa namwambia yuko njiani." Alimeza mate. "Mlikawia wapi?"

Wanawake waliacha kunong'ona. Kemilembe alivuta pumzi. Maneno yake yalikuwa tayari.

"Ilichelewa kufika," Immaculata alisema.

Habumugisha alimtazama.

"Ilifika jua limeshapanda. Mtandao wa kwetu unaujua, Habu. Nilipoipata tu niliondoka."

Upande wa mlango, Mukamusoni, ambaye mwanawe alikuwa amemweleza yote usiku, aliinama akaanza kuchambua nyasi miguuni pake. Immaculata hakumtazama yeye wala Kemilembe. Alikuwa ametulia, jinsi mtu anavyotulia akiwa amebeba mtungi kichwani.

Habumugisha alitikisa kichwa kidogo, kisha akakigeuza, na macho yake yakatua kwa mgeni.

"Wewe ndiye Dokta wa chuo," alisema. "Theoneste ametuambia kazi yako ni hizi simu na meseji. Shikamoo."

"Marahaba."

"Ni kweli huwa zinachelewa hivyo? Saa nzima na zaidi? Maana nimekuwa nikiwaza, labda ningetuma mara mbili. Labda ningepanda kilimani kutafuta mtandao. Ningejua, ningemfuata mwenyewe."

Sebule nzima ilimgeukia Kemilembe. Kazi yake maisha yote ilikuwa hiyo: neno lifike kama lilivyotumwa, wala asitokee mtu kati akaligeuza. Alimwona Habumugisha anavyosubiri, vidole vyake vyenye udongo vimeshikana. Alimwona Immaculata, ambaye sasa alikuwa amemwinulia macho kwa mara ya kwanza tangu uani kwake, hayana lawama, hayana msamaha, yanaomba kitu kimoja tu.

Maneno aliyoyabeba kutoka Bweranyange aliyaacha yalipo.

"Huchelewa, kaka yangu," alisema. "Hukukosea kitu. Hata ungetuma mara kumi."

Habumugisha aliinamisha kichwa. Kisha akainuka, akajifuta magoti, akarudi nje kwa wanaume waliokuwa wanachimba.